Kinyago cha mpingo kwenye begi la mkono: Dar es Salaam hadi Hamburg

Jumatano, Mwenge

Kinyago nilichokuja kukichukua, nikipeleke kwenye maonyesho Hamburg, kina miguu mitatu, na ule mwembamba kuliko yote haufikii unene wa kidole changu cha shahada. Ni kazi ya mtindo wa shetani, wa kuchonga maumbo ya pepo. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuuanzisha mtindo huu, mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo wachongaji wa Kimakonde wamekuwa wakishindana kuutoboa mpingo mpaka ubaki mifupa tu. Hiki kina sikio linaloshuka hadi gotini, mkono unaozunguka nyuma ya kichwa na kurejea mdomoni, na matundu ambayo ukichungulia unaona upande wa pili. Urefu sentimita 41. Uzito kilo 2.3.

Mzee aliyekichonga ananisubiri chini ya bati, pembeni ya magogo yaliyofunikwa magunia. Alikianza kwa tezo, akaja na patasi, kisha tupa, mwisho msasa, laini juu ya laini. Hakupaka kiwi. Weusi unaouona ni wa mti wenyewe, na kwenye kisigino ameacha kipande cha sehemu nyeupe ya nje ya gogo ili mtu asiwe na shaka.

"Utakipakia wapi, mwanangu?"

"Mkononi, baba. Sikipeleki chini kwenye mizigo."

Akanieleza kwa nini alikuwa anauliza. Kuna kazi yake moja iliyosafiri miaka ya nyuma kwenye sanduku la chini, ikavunjika mkono, na aliyeipokea akaubandika kwa gundi kabla ya kuionyesha. Aliyebandika hakujua mkono ulikuwa unaelekea wapi. "Watu wanaangalia jina langu," akasema, "na mkono si wangu."

Watu wengi huona mpingo ni mti usiovunjika kwa sababu ni mzito, unazama majini, na msumeno unalia ukiupitisha. Ugumu huo ndio unaowadanganya. Mpingo haupindi. Pale ulipochongwa mwembamba kukata nyuzi zake, ukilemewa unakatika papo hapo, na pakikatika panaacha ukingo mkali ambao hata fundi mzuri hawezi kuuficha.

Tumekaa karibu saa nzima na simu yangu, tukipiga picha kila upande: uso, mgongo, kila kiungo, kila ufa. Upo ufa mmoja, mstari mfupi chini ya kitako, uliokuwepo tangu gogo likiwa gogo. Nimeupiga picha mara kadhaa nikiweka rula pembeni. Mzee amenipa pia picha zake mwenyewe: gogo kabla ya kuguswa, kichwa kikiwa ndiyo kwanza kinatokeza, na yeye akiwa na tezo mkononi. Amesaini barua inayosema kazi ni yake, ni mpya, na ameichonga kwa mkono. Barua hii ina kazi zaidi ya moja. Hapa nyumbani Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale visitoke nchini hivi hivi, kwa hiyo ofisa akikuona na kinyago ana haki ya kuuliza umri wake. Na kule Hamburg, kama utakavyoona, karatasi hii ina thamani ya pesa.

Alhamisi, Oysterbay

Picha nne za mtindo wa Tingatinga, za kupakiwa pamoja na kinyago. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta ya dukani, akitumia vipande vya hadibodi ya dari, karibu sentimita 60 kwa 60. Ukilikata bao zima la futi 4 kwa 8 unapata vipande vinane vya namna hiyo bila kubakiza kitu. Kipimo hicho kizuri hakiingii kwenye begi la mkono la ndege yoyote ninayoifahamu. Ndiyo maana hizi nne zilichorwa makusudi kwa sentimita 30 kwa 30: tausi, chewa wawili, kiboko, na soko la samaki.

Mchoraji wa hizi nne aliniambia mapema nisizichukue kabla hazijakaa. Rangi ya mafuta hukauka juu haraka huku chini bado ni laini, na joto la Dar linairudisha ulaini wake. Zimekaa rafuni tangu mwezi uliopita. Leo nimegusa ukingo kwa kucha na haukuacha alama, ndipo nikazichukua.

Aliuliza kama angenipa kopo dogo la rangi nyeusi na brashi, ili ikitokea mkwaruzo nirekebishe hukohuko. Nilimshukuru nikakataa. Rangi ya mafuta inashika moto, haiingii kwenye ndege, si juu wala chini. Na mkwaruzo kwenye kazi ya mtu si wa kurekebishwa na mimi.

Ijumaa, Kinondoni

Siku nzima ni ya kufunga mzigo, na hapa ndipo safari inaposhinda au kushindwa.

Nimewaona wasafiri wakifunga kazi ya sanaa kana kwamba haitafunguliwa tena: gundi ya karatasi mizunguko kumi, nailoni juu ya nailoni, kamba imekazwa mpaka inakata. Kisha ukaguzi. Ofisa hawezi kuona ndani, anataka kuona, foleni nyuma inanung'unika, na kisu kinatafutwa. Kazi nyingi hazivunjiki hewani. Zinavunjika juu ya meza ya ukaguzi, mikononi mwa mtu mwenye haraka asiyejua kipi kinashikwa na kipi hakishikwi. Kwa hiyo mimi hufunga kwa ajili ya kufunguliwa. Mgeni asiyewahi kukiona kitu hiki aweze kukitazama chote ndani ya dakika moja bila kukigusa, na mimi niweze kukirudisha ndani ya dakika mbili bila kuomba mkasi.

Fundi seremala amenitengenezea sanduku la plaiwudi ya milimita 4, limeunganishwa kwa gundi tu, bila msumari hata mmoja. Nje ni sentimita 50 kwa 36 kwa 21. Ndege yetu inaruhusu 55 kwa 38 kwa 22, na kilo 7. Sikutaka chuma ndani kwa sababu chuma kwenye eksirei huleta maswali, na maswali huleta mikono.

Kinyago kinalala ubavu kwenye kitanda cha sponji ya godoro. Nimeikata sponji kufuata umbo lake, lakini nimeacha nafasi wazi pale penye mkono, sikio na ule mguu mwembamba. Wengi hufanya kinyume: hujaza sponji kwenye matundu wakidhani wanasaidia. Sponji iliyobanwa kwenye tundu inasukuma saa zote, na kila tikisiko linaingia kwenye kiungo dhaifu. Uzito unatakiwa ukae kwenye kiwiliwili na kitako. Viungo vyembamba vibaki hewani, visiguswe na chochote. Juu ya sponji nimetandika amerikani iliyofuliwa, isiyo na rangi. Chini ya kitanda nimepitisha mikanda miwili ya kitambaa, ili kitanda chote kinyanyuliwe na kinyago kikiwa kimelala ndani yake.

Picha zinakaa kwenye trei ya juu. Nailoni yenye mapovu ya hewa haigusi rangi kamwe. Ikipata joto inaacha vidoa vya duara usoni mwa picha, na vidoa hivyo havitoki. Kila picha imefunikwa karatasi ya kuokea keki, ile inayoteleza, na pembe nne zina vipande vya kadibodi vinavyoinua picha inayofuata, uso usilaliwe na mgongo wa mwenzake.

Kamba zote ni utepe wa pamba, fundo la kuvuta mara moja. Juu ya kifuniko nimebandika kadi ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu: kazi ya sanaa, inavunjika, mwenye mzigo atafungua mwenyewe. Ndani ya kifuniko nimeweka picha ya simu iliyochapishwa, inayoonyesha kila kitu kilivyolala.

Mwisho nimeweka mizani. Kilo 5.8 pamoja na karatasi. Chaja, nyaya na betri ya akiba nimeziweka kwenye mkoba wangu wa bega. Nyaya zilizolala juu ya donge zito la mti ni taswira ambayo kila mkaguzi duniani amefundishwa kuitilia shaka.

Karatasi: barua za wasanii wote wawili, picha za kazi ikiendelea, mwaliko wa maonyesho, orodha ya bei, na ukurasa mmoja kuhusu mpingo. Karibu aina zote za jamii yake zimo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu tarehe 2 Januari 2017, na tangu mwishoni mwa 2019 bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja hazidaiwi kibali cha mkataba huo. Changu hakifiki hata robo ya kiasi hicho. Lakini ofisa hatakiwi kuniamini kwa maneno. Anatakiwa aone maandishi.

Jumamosi, Uwanja wa Julius Nyerere

Jengo la tatu, lililofunguliwa Agosti 2019, linakukagua mara mbili: mlangoni kabla hujaingia, na tena ukishapita uhamiaji. Ina maana sanduku litapita kwenye mkanda mara mbili kabla hata sijaiona ndege. Nimefika mapema mno kwa makusudi. Ofisa asiye na foleni nyuma ya msafiri ni mtu tofauti kabisa.

Leo sijapaka losheni mikononi. Losheni nyingi zina glisarini, na glisarini huweza kukisumbua kile kitambaa cha kupimia mabaki ya vilipuzi. Nimenawa kwa maji, basi.

Mlangoni nikasema kabla ya kuulizwa: "Kaka, habari za kazi. Humu kuna kinyago cha mpingo na picha nne za kuchora. Vinavunjika. Ukitaka kuona, nitakufungulia mwenyewe pale mezani." Akaitikia kwa kichwa. Sanduku likalala bapa kwenye trei, likaingia, mkanda ukasimama. Ukarudi nyuma. Ukaenda tena.

Sikushangaa. Mashine hizi hupaka rangi kulingana na asili ya kitu: chuma huwa bluu, na vitu vya asili ya mimea na wanyama, plastiki, na vilipuzi vingi pia, huwa rangi ya machungwa. Mpingo ni mzito kupita mbao za kawaida, kwa hiyo unatokea kama doa zito la machungwa yaliyokoza, lenye umbo lisiloeleweka, katikati ya sanduku lisilo na kitu kingine. Kijana aliyeliona doa lile na kulisimamisha alifanya kazi yake vizuri, na nilimwambia hivyo.

Mezani nilivuta mafundo, nikanyanyua trei ya picha, nikasogea nyuma hatua moja. Hiyo hatua ni muhimu: inampa mkaguzi nafasi ya kutazama, na inamwonyesha huna unachoficha. Akainama. Akaita mwenzake, dada mmoja, naye akainama.

"Hiki mkono wake unaanzia wapi?" dada akauliza.

Nikamwonyesha kwa kalamu, bila kugusa, ulivyozunguka. Akacheka, akasema kwao ni Newala na babu yake alikuwa na patasi kama za kwenye ile picha. Wakapitisha kitambaa kwenye ukingo wa sanduku na kwenye mikono yangu. Nimefunga, nimeondoka.

Ukaguzi wa pili ulikwenda vilevile, mfupi zaidi. Swali ninaloulizwa kila mara na wasanii ni kama eksirei inaharibu kazi. Haiharibu mti, wala rangi, karatasi au udongo. Inayodhurika ni filamu ya kamera ambayo haijasafishwa. Hiyo ndiyo ya kuomba ikaguliwe kwa mkono.

Langoni nilimfuata mhudumu, nikamweleza nilichobeba, nikaomba niingie na kundi la mwanzo. Makabati ya juu yakishajaa, mtu wa mwisho ananyang'anywa begi lake likapelekwa chini, na hapo kazi yote ya Ijumaa inakuwa bure. Akaniruhusu. Sanduku limelala bapa juu ya kichwa changu, na jirani yangu, mzee wa makamo anayekwenda kumwona binti yake, nikamwomba asiliegemeze begi lake zito. Akaliweka koti lake juu yake badala ya begi.

Usiku wa kuamkia Jumapili, uwanja wa kubadilishia ndege

Mji wa Ghuba, saa za usiku, watu wengi, taa kali. Hapa abiria wa kuunganisha hukaguliwa upya, na hapa foleni ilikuwa nyuma yangu kweli.

Doa la machungwa likasimamisha mkanda. Ofisa aliyelichukua sanduku hakusoma kadi. Aliona utepe, akachomoa kisu kidogo cha kukatia. Niliinua viganja vyote viwili, wazi, nikasema taratibu kwa Kiarabu changu kidogo na kisha Kiingereza: tafadhali, meza, msimamizi. Sikulishika sanduku. Ukishika mzigo ulio mikononi mwa mkaguzi unakuwa umeanzisha ugomvi, na kwenye ugomvi ule kinyago ndicho kinachopoteza.

Akaja msimamizi wa zamu, mtu mzima, mtulivu. Nikavuta mafundo mwenyewe. Akataka kinyago kipitishwe peke yake, nje ya sanduku. Ombi la haki. Shida ni kwamba kinyago chenye miguu mitatu kikisimamishwa kwenye trei inayoruka juu ya roli za mkanda kitaanguka, hakuna namna. Nikamwomba ninyanyue kitanda chote kwa mikanda yake, kinyago kikiwa kimelala. Akakubali. Kitanda kikaingia kwenye trei kimekaa sawasawa, kikapita. Nilikifuata upande wa pili nikitembea sambamba na mashine, moyo unagonga.

Kilitoka kama kilivyoingia. Msimamizi alitazama mkono unaozunguka kichwa, akauliza ni wa nchi gani, nikamjibu. Alisimama kunikinga na msongamano mpaka nilipofunga fundo la mwisho. Watu wa aina hii nimewakuta mahali pengi, na ninawaombea.

Saa zilizobaki nimekaa nimeegemeza miguu pembeni ya sanduku, bila usingizi.

Jumapili, Hamburg

Baridi, mvua nyepesi, saa saba mchana. Mlango wa kijani ni wa asiye na cha kutangaza forodha, mwekundu ni wa mwenye nacho. Nimepita mwekundu. Msafiri wa ndege anaruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya na vitu vyake vya hadi euro 430 bila kodi, lakini msamaha huo si wa vitu vya kuuzwa, na picha mbili kati ya hizi zitauzwa.

Mezani kwa forodha swali ni moja, na ndilo lililonifanya niwe na karatasi zote zile: hii ni sanaa au ni bidhaa ya mapambo? Picha iliyochorwa kwa mkono na sanamu asili ya msanii zina fungu lake kwenye ushuru, na Ujerumani huzitoza kodi ya mauzo ya asilimia 7. Bidhaa za kawaida ni asilimia 19. Kanuni inasema kazi za ufundi wa mikono zinazorudiwa kwa biashara haziingii kwenye fungu la sanaa, hata zikitengenezwa na msanii. Kwa macho ya mtu aliyezoea kuona twiga kumi wanaofanana dukani, kinyago chochote cha Afrika Mashariki kinaanza safari yake kikiwa kimeshahukumiwa kuwa zawadi ya mtalii.

Nikampa ofisa picha za gogo, za kichwa kikitokeza, za mzee na tezo lake. Nikampa barua, na mwaliko wa maonyesho. Alisoma kila kitu, bila haraka. Akaomba kuona kazi yenyewe, nikafungua, akakuta saini chini ya kitako. Aliandika sanaa. Nililipa asilimia 7 ya picha mbili za kuuzwa. Kinyago na picha zilizobaki zikaandikwa za kuingia kwa muda.

Fedha si nyingi. Lakini mimi natoka kwenye mji ulio dada na huu tangu 2010, na nilitaka neno hilo liandikwe kwenye karatasi ya serikali.

Jumatatu, Altona, Hamburg

Sanduku halifunguliwi leo. Mwenyeji wa maonyesho alitamani sana, nikamwomba avumilie saa 24. Kinyago kimetoka kwenye unyevu wa pwani, kikakaa kwenye hewa ya ndege ambayo ni kavu kuliko jangwa, na sasa kipo kwenye nyumba ya Januari yenye joto la bomba. Kipimo ukutani kinasoma unyevu asilimia 34. Mpingo ukikauka ghafla nje huku ndani bado una maji, unapasuka. Plaiwudi na sponji vinapunguza kasi hiyo. Nimeliweka sanduku kwenye chumba cha nyuma, mbali na bomba la joto, nikaenda kulala mchana kweupe.

Jumanne, ukumbini

Tumefungua saa nne asubuhi, mwenyeji na mimi, mikono mitupu na mikavu kwa mpingo, glovu safi kwa picha. Nilikuwa na picha za Mwenge kwenye kompyuta, naye akalinganisha kiungo kwa kiungo. Mkono mzima. Sikio zima. Mguu mwembamba mzima. Chini ya kitako akauona ule ufa, akanitazama. Nikamwonyesha picha ya Jumatano yenye rula: urefu uleule. Tukaandika hivyo kwenye taarifa ya hali ya kazi, tukasaini wote wawili.

Picha nne ziko salama. Karatasi ya keki iliachia bila kuvuta hata chembe ya rangi. Kinyago kimeingia kwenye kabati la kioo lenye vifuko vya silika vilivyoandaliwa kushikilia unyevu wa asilimia 50.

Mzee nimempigia simu ya video, nikakizungusha kinyago taratibu mbele ya kamera. Alitaka kuona mkono kwanza. Kisha akataka kuona mguu. Kisha akaniuliza ile kadi nyeupe mbele ya kabati imeandikwa nini.

Ilikuwa imeandikwa kinyago cha Kimakonde, Tanzania, mpingo. Basi. Pembeni, picha za rangi zilikuwa na jina la mchoraji wake. Nilimsomea mzee kama ilivyo, halafu nikamwita mwenyeji wangu, nikampa barua yenye saini na picha ya mtu mwenye tezo, nikamweleza kwamba aliyechonga anajulikana, yuko hai, na yuko kwenye simu. Aliomba radhi mbele ya kamera, nikawatafsiria.

Kadi mpya imechapishwa kabla ya saa kumi. Jina la mzee liko mstari wa kwanza, mwaka na mti chini yake. Nimempigia picha nikamtumia, naye amejibu kwamba herufi moja ya jina la baba yake imekosewa, kwa hiyo tunachapa tena.